Alikuwa Anafanya Kazi Gani?

Tuliwapeleka watoto wa shule ya Jumapili Nyali, Mombasa, kwenye mnara wa Krapf, yule mmishonari Mjerumani, na kaburi la mkewe. Jua la saa nne asubuhi lilikuwa limeshaanza kuuma, watoto wamechoka kusimama, na mwalimu mwenzangu alikuwa anamalizia maelezo anayoyatoa kila mwaka: Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, Krapf akaanza kutafsiri Biblia, Krapf akauona Mlima Kenya. Kisha akanyoosha mkono upande wa kaburi. "Na hapa ndipo alipozikwa mke wake pamoja na mtoto wao mchanga."

Msichana wa darasa la nne akainua mkono.

"Yeye alikuwa anafanya kazi gani?"

"Alikuwa mke wa mmishonari," mwalimu akamjibu kwa upole. Watoto wakaliandika jibu hilo madaftarini, tukawapanga mistari, tukatoka barabarani kutafuta matatu.

Jibu lile limenikaa kifuani tangu siku hiyo. Nimekwenda nalo sokoni, nimelala nalo, nimeamka nalo. Sababu moja naijua vizuri: mwezi uleule mdogo wangu na mumewe walikuwa wametua Juba.

Jumapili ya kuwaaga

Ibada za kuwaaga watumishi mnazijua, sitazieleza. Shemeji aliitwa mbele, akapiga magoti, wazee wakamwekea mikono. Barua ya uteuzi ikasomwa kwa sauti: jina lake, eneo atakalohudumu, wajibu wake, muda wake, posho yake. Mdogo wangu alitajwa kwenye mstari wa mwisho, kwamba mchungaji atafuatana na mke wake.

Alikuwa amesimama kando yake katika kitenge kilichoshonwa sare na shati la mumewe. Akina mama tukapiga vigelegele.

Wakati huo alikuwa ameshaacha kazi ya kufundisha chekechea, kazi aliyoipenda mno. Cherehani ameuza, kuku amewagawa kwa majirani, na mama yetu amemwambia kwaheri mara tatu, kwa sababu kila akimaliza kusema alikuwa anaanza upya.

Siku za kwanza za Juba zilinifikia kwa njia mbili. Kwenye kundi la kanisa, shemeji alituma picha: kanisa la mabati, watu waliohudhuria, wazee wa pale wakimpa mkono. Tukamjibu kwa amina nyingi. Usiku, simu yangu ikipata ujumbe wa sauti, alikuwa ni mdogo wangu.

"Dada, leo gari la maji halikuja. Nimepikia maji ya jirani."

"Dada, huku joto halina upepo wa bahari, mtu unaloa ukiwa umekaa tu."

"Dada, nimempata rafiki. Ni mama anauza chai pale nje, alikulia kambini Kakuma, Kiswahili chake safi kabisa. Ananifundisha Kiarabu cha Juba. Ameniambia nikitaka kujua mtaa huu nikae kwenye kile kigoda chake asubuhi nzima."

Akakaa. Muda si mrefu alikuwa anajua ni dereva gani wa gari la maji haongezi bei, ni nyumba ipi ina mgonjwa, ni mama yupi amefiwa na hajatembelewa. Mumewe alikuwa bado anazungushwa kwenye vikao vya kumkaribisha. Mwanamke wa kwanza kuja kanisani kwao ambaye hakuwa mshirika wa zamani aliletwa na yule muuza chai, naye muuza chai alikuja kwa sababu ya mdogo wangu.

Katika taarifa iliyosomwa kwetu Jumapili, iliandikwa kwamba mchungaji amepokea mgeni mmoja.

Barua ya Sayyid Said

Nikarudi kumsoma Krapf, safari hii nikimtafuta mkewe. Mimi ni Mrabai, mmoja wa Wamijikenda wa Pwani, nimekulia ndani ya hadithi hii. Bibi yangu alizungumza habari za wamishonari kama vile waliondoka juzi. Hata hivyo sikuwahi kuisoma nikimfuata Rosine hatua kwa hatua. Ninachokijua juu yake kimepita mkononi mwa mumewe, kwa hiyo inabidi mtu asome polepole na kuhesabu miezi.

Rosine Dietrich alitoka Basel, Uswisi. Walioana Misri mwaka 1842. Krapf alikuwa ameshakaa miaka kadhaa Shewa, Ethiopia, na moyo wake wote ulikuwa kwa Waoromo. Mwaka 1843 walijaribu kurudi Ethiopia kupitia upande wa Bahari ya Shamu, na huko nyikani Rosine akashikwa na uchungu kabla ya wakati. Mtoto wa kike aliishi saa chache tu. Krapf alimbatiza Eneba, yaani chozi, akamzika chini ya mti kando ya njia. Siku ya tatu mama akalazimika kuendelea na safari.

Siku ya tatu. Sisi huku mzazi tunamhesabia siku arobaini.

Njia ya Ethiopia ikafungwa kwao. Ndipo Krapf akapata wazo la kuwafikia Waoromo kutokea pwani yetu. Novemba 1843 wakapanda jahazi Aden kuja kusini. Jahazi likaingia maji, wakarudi, wakajaribu tena. Sasa hesabu nami. Rosine alijifungua tena Mombasa mwanzoni mwa Julai 1844. Ukirudi nyuma miezi tisa unafika Oktoba. Mwanamke aliyekuwa ndani ya lile jahazi linalovuja alikuwa na mimba changa, na kaburi la mtoto wake wa kwanza halikuwa limetimiza mwaka.

Hakuna nilipoona jambo hilo limesemwa. Limekaa tu ndani ya tarehe.

Januari 1844 wakafika Unguja. Sayyid Said, sultani aliyetawala Unguja na pwani, aliwapokea vizuri, na akampa Krapf ile barua maarufu ya kumtambulisha kwa maliwali na raia wake wote: kwamba huyu ni mtu mwema anayetaka kuwaongoza watu kwa Mungu, mtendeeni wema na msaidieni kwa kila muwezalo. Kwa barua ile Krapf aliweza kukaa popote pwani, kupata nyumba, kupata watu wa kumbeba na kumlinda.

Maneno ya barua hiyo, kama Krapf alivyoyachapisha, yanamtaja Krapf peke yake.

Niliposoma hapo nikaifunga simu. Miaka mia moja na themanini imepita, na ile barua iliyosomwa kanisani kwetu ilikuwa na umbo lilelile.

Mei hadi Julai

Machi, Krapf alimwacha mkewe Unguja akapita pwani kutafuta mahali pa kuanzia. Akaipenda Mombasa. Mei akamchukua Rosine, akiwa na mimba ya miezi saba, wakahamia kisiwani.

Liwali wa Mombasa wakati huo alikuwa Ali bin Nasser, mtu aliyewahi kutumwa na Sayyid Said mpaka London. Kadhi alikuwa Sheikh Ali bin Mohiddin, na huyu ndiye aliyekaa na Krapf, tarehe 8 Juni 1844, wakaanza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Nasimama hapa kidogo kwa sababu jambo hili hunigusa kila ninaposoma. Kadhi wa Mombasa anajua vema huyu mgeni amekuja kufanya nini, na bado anamkarimu kwa elimu yake. Ndivyo Mombasa ilivyompokea Krapf, na wenye kuhubiri habari zake leo wangeisema sehemu hii zaidi kuliko wanavyoisema.

Lakini nyumba moja ina vyumba zaidi ya kimoja. Wanaume wawili wameinamia karatasi. Mwanamke wa Basel ana mimba ya miezi minane, katika mji asioijua lugha yake, mwezi wa Juni, mvua za masika zimetoka tu kumalizika na madimbwi yamejaa. Nani alimwonyesha pa kupata samaki wa asubuhi? Nani alimwambia usinywe maji ya kisima kile? Mwanamke gani wa Kimombasa alikuja kumwamkia, akavua viatu mlangoni, akakaa naye mkekani wakaelewana kwa mikono? Bibi yangu alikuwa mkunga, na aliniambia kwamba mwanamke mwenye mimba kubwa hakai peke yake hata kama ni mgeni, hata kama ni adui, watu huja. Naamini walikuja, ingawa wale wanawake hawakuandika vitabu.

Kukaa katika nyumba mpya, katika mji mpya, hadi majirani wazoee kuingia kwako: hiyo nayo ilikuwa sehemu ya kazi. Wamishonari wenyewe wanajua kwamba usipozoeleka hakuna atakayekusikiliza. Mdogo wangu amenionyesha hilo kwa kukaa kwenye kigoda.

Mwanzoni mwa Julai Krapf akaanguka na homa. Siku chache baadaye na Rosine akashikwa, na tarehe 6 akajifungua mtoto wa kike. Homa ikamrudia kwa nguvu. Krapf anaandika kwamba yeye mwenyewe alikuwa hoi kiasi kwamba ilipofika tarehe 13 alijikongoja kuinuka kitandani ili ahakikishe kwamba mkewe kweli amekata roho.

Mtoto akamfuata mama yake baada ya muda mfupi.

Mbu

Kuna jambo moja lazima nilitoe moyoni. Katika mahubiri nimesikia mara nyingi kifo cha Rosine kikielezwa kama gharama ambayo Mungu aliidai kwa ajili ya Afrika Mashariki. Naipenda imani iliyo nyuma ya maneno hayo. Ila sikubaliani nayo.

Mwaka 1844 watu walidhani homa inaletwa na hewa chafu ya mabwawa. Ilichukua zaidi ya miaka hamsini, mpaka 1897, daktari Ronald Ross kuonyesha kwamba vimelea vya malaria vimo ndani ya mbu. Leo mkunga yeyote wa zahanati atakwambia kwamba mimba hupunguza kinga ya mwanamke dhidi ya malaria, na kwamba mgeni ambaye mwili wake haujawahi kukutana na ugonjwa huu yuko hatarini zaidi. Rosine alikuwa yote mawili kwa pamoja. Ndiyo maana huku Pwani mama mjamzito akienda kliniki hupewa chandarua, na hupewa vidonge vya kumkinga na malaria ambavyo huvimeza palepale mbele ya muuguzi, vikaandikwa kwenye kile kitabu cha mama na mtoto.

Alichokikosa Rosine ni chandarua na vidonge.

Nayasema haya nikiwa na mtu wa kumhofia. Usiku mmoja ujumbe wa mdogo wangu ulikuja na sauti iliyokwaruza. Kapimwa damu, ana malaria, ameanzishiwa dawa mseto ya siku tatu. Shemeji alikuwa ameahirisha vikao vyote, anampikia uji, anamfulia, anamkanda miguu; hilo nataka lijulikane, kwa sababu ni mume mwema na sitaki mtu asome makala haya akamwona vibaya.

Nikamwambia mdogo wangu, ngoja niliambie kundi la kanisa wakuombee.

"Usiseme, dada. Watasema mama mchungaji hajakaa hata mwezi ameanza kulalamika. Watasema nitamrudisha mume wangu nyumbani."

Kwenye kundi, siku hiyohiyo, kulikuwa na ujumbe wa shemeji: kazi inaendelea vizuri, tuzidi kuombeana. Alikuwa ameheshimu ombi la mkewe. Mimi nikaandika amina kama wengine, mkono mzito.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini jibu la yule mwalimu lilikuwa linanichoma. Mke wa mmishonari akiugua na kupona, ni lawama. Akiugua na kufa, ni shujaa. Tumemwekea mwanamke mlango mmoja tu wa kuingilia katika historia yetu, nao ni kaburi.

Aliyechagua wapi azikwe

Kwa muda fulani nilimkasirikia Krapf. Baada ya msiba aliwaandikia waliomtuma kwamba wawaambie marafiki zao kuna kaburi la upweke katika pwani ya Afrika Mashariki, kaburi la mmoja wa watu wa kazi hiyo. Kwamba hiyo ni alama kuwa pambano limeanza, na kwa kuwa ushindi wa Kanisa hupatikana kwa kupita juu ya makaburi ya watu wake, wajue saa ya Afrika kutokea upande wa mashariki imekaribia. Barua hiyo imesomwa duniani kote, na imewatoa vijana wengi makwao. Niliisoma nikajiuliza: mke wako hajakauka udongo, na wewe tayari unamgeuza hatua ya kukanyagia?

Niliipunguza hasira hiyo polepole, na bado haijaisha yote. Kwanza nilimkumbuka aliyeiandika: mtu mwenye homa, aliyebaki peke yake ndani ya nyumba iliyokuwa na watatu. Aliyefiwa hutafuta maana mahali popote, na hakuna anayemkataza. Pili, niligundua kwamba wazo la kaburi lisemalo halikutoka kwake.

Lilitoka kwa Rosine.

Krapf anasimulia kwamba mkewe, alipoona mwisho umekaribia, aliomba asizikwe kisiwani bali avushwe azikwe bara, katika nchi ya Wamijikenda, ili wapitao njia waone kaburi lake na wakumbuke ni jambo gani lililowaleta yeye na mumewe. Anasimulia pia alivyosali usiku wa mwisho: aliwaombea ndugu zake, akamwombea mumewe, akaiombea kazi ile, akaiombea Afrika Mashariki, kisha akamwombea Sayyid Said, Mungu amwelekeze moyo wake kwenye mema ya milele ya raia zake.

Alimwombea mtu ambaye barua yake haikumtaja.

Nilipofika hapo niliacha kumhurumia Rosine. Nilianza kumheshimu. Huyu hakuwa mwanamke aliyeburutwa na ndoto ya mume. Alikuwa na wito wake mwenyewe, na katika siku zake za mwisho aliutumikia kwa kitu pekee kilichobaki mikononi mwake, yaani uamuzi wa mahali mwili wake utakapolala. Alivushwa, akazikwa bara, na mwili wa mwanawe ukawekwa karibu naye. Ukilitazama kwa macho ya kazi, kituo cha kwanza cha misheni upande wa bara ni lile kaburi. Rabai ilikuja baada ya miaka miwili, tarehe 25 Agosti 1846, Krapf na mmishonari mwenzake Rebmann walipokubaliwa na wazee wetu kukaa huko.

Kwa hiyo yule msichana wa darasa la nne anastahili jibu jingine: alikuwa mmishonari. Alifanya kazi ileile aliyoifanya mumewe, tena pamoja na nyingine ya kubeba mimba mbili katika nchi za watu.

Na bado kitu kinanikwaza. Naweza kumheshimu Rosine kwa uamuzi wake bila kutamani mdogo wangu apate heshima ya namna hiyo. Mambo haya mawili yamo ndani yangu yakivutana, na nimeacha kulazimisha moja limshinde mwenzake.

Waliomfuata

Rosine hakuwa wa mwisho. Emma, mke wa Rebmann, alikaa Rabai miaka na miaka, akafa 1866. Sisi wa Rabai tunamsimulia Rebmann, tunasimulia alivyouona Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, tunasimulia alivyorudi kwao kipofu mwaka 1875. Nimewauliza wazee watatu wa kanisa letu jina la mkewe. Mmoja alilijua.

Kule Ribe kwa Wamethodisti alifika Rebecca, mke wa Thomas Wakefield. Barua alizowaandikia watu wa kwao zilikusanywa zikachapishwa, na kwa hilo namshukuru Mungu, maana sauti yake mwenyewe ipo. Lakini zilikusanywa baada ya kufa kwake mwaka 1873. Mwaka 1886 huko Golbanti, kando ya mto Tana, mmishonari mwingine wa Kimethodisti, Houghton, aliuawa pamoja na mkewe katika uvamizi. Nao tunawakumbuka kama jozi ya makaburi.

Ukiwapanga hivi, mmoja baada ya mwingine, unaona kwamba mengi tunayoyajua juu ya wanawake hawa yanaanza siku waliyokufa. Siku zao za kwanza, zile za kutafuta maji, kujifunza salamu, kuogopa usiku na kumficha mume kwamba unaogopa, ziliwekwa ndani ya taarifa za wanaume au hazikuwekwa popote. Na kwa maoni yangu, siku hizo ndizo zinazoamua kama misheni itakaa au itang'oka. Mhubiri anaweza kuhubiri siku ya kwanza aliyofika. Nyumba haiwezi kuwa ya watu siku ya kwanza. Kuna mtu inambidi aikae.

Kuna watakaosema kwamba ndivyo ndoa ilivyo, kwamba kazi ya mume ni ya mke na sifa zote ni za Mungu. Nimeambiwa hivyo na mtu ninayemheshimu sana, akinisihi nisiandike. Nimelitafakari neno lake. Ninamjibu hapa kwa heshima: kama sifa zote ni za Mungu, basi haitamgharimu mtu yeyote tukiandika majina mawili kwenye barua.

Barua nyingine

Wiki iliyopita nimeiandikia kamati ya misheni ya kanisa letu. Nimeomba wanaotumwa wakiwa mume na mke wapewe barua ya uteuzi kila mmoja kwa jina lake, yenye wajibu wake ulioandikwa baada ya yeye mwenyewe kuulizwa anaweza nini na anataka nini. Nimeomba sehemu ya posho ipitie mkononi mwa mke. Nimeomba katika miezi ya kwanza kuwe na mtu mmoja, mwanamke, aliyekwisha kutumika ugenini, ambaye kazi yake ni kumpigia simu mke huyo na kumsikiliza, na ambaye anayoambiwa hayapeleki kwenye kundi. Nimeomba pia gharama za matibabu zitengwe mapema, wajue hospitali ya kukimbilia kabla hawajaondoka nyumbani, na mwanamke mwenye mimba au anayetarajia kupata asipangiwe safari bila kuonana na daktari.

Kabla ya kuituma nilimpigia mdogo wangu nikamsomea. Ameshapona, sauti imerudi. Nilitaka ruhusa yake, kwa barua na kwa makala haya pia, kwa sababu siri ya ugonjwa ilikuwa yake. Alikaa kimya muda mrefu hata nikadhani mtandao umekatika.

"Tuma," akasema. "Na kuugua kwangu kuandike. Ila la hospitali liweke juu, lisiwe chini. Na kuna kitu umekisahau."

"Kipi?"

"Mume wangu wamemlipia mwalimu wa Kiarabu, anakuja hapa nyumbani mara mbili kwa wiki. Mimi nafundishwa na mama wa chai wakati hana wateja. Nataka mwalimu, dada. Na yule mama walipe muda wake wote alionifundisha."

Nimeandika yote mawili, nikalipandisha la hospitali likawa la kwanza. Katibu ameipokea na kunigongea muhuri kwenye nakala yangu. Kamati inakaa Jumamosi.